Elfu Nne, na Soksi

Tumetandaza ramani juu ya meza ya cherehani,
pembe zake tumezikandamiza kwa mkasi, kopo la vifungo,
kikombe cha Famau chenye chai iliyopoa,
na goti la Lali, ambaye kiti hakitaki.
Likizo ya Agosti. Siku tano.
Tangu tuoane, safari yetu ndefu ilikuwa Mombasa,
tena hospitali.

"Msitu kwanza," nasema mimi.
"Mlima wa moto kwanza," asema Lali.
Maimuna, neno volkano limemkaa ulimini tangu Jumatatu,
auliza: ikilala, nani huibembeleza?

Famau ni fundi wa mafriji.
Miaka kumi na minane ameitafuta baridi
ndani ya mabati ya watu,
sasa ataka kuona baridi isiyo na waya.
Kule Wundanyi, asema, ukungu huingia dukani asubuhi
kama mteja asiye na haraka,
na miti ya Ngangao huukinga kwa majani,
ikanywa hata siku ambayo mvua haikunyesha.
Halafu tutateremka Tsavo, upande wa Chyulu,
kwenye jiwe jeusi lililomwagika likaganda,
na ambalo watu wa huko waliliita, basi,
waliliita Shetani.

Mama mkwe akaacha kuchambua mchele.
"Nani?"
"Ni jina tu, mama."
"Wenzenu wamkimbia bure.
Nyinyi mwamwendea kwa nauli."

Nauli nimeiandika. Chumba cha kulala nimekiandika.
Kiingilio cha mbugani nimekiandika kwa penseli,
labda nikikitazama sana kitapungua.
Viatu: Lali ana ndara, Maimuna ana ndara na nusu.
Na vazi la baridi. Nilizunguka soko zima la mitumba
nikiulizia sweta za watoto, wakanicheka:
mama, hapa Malindi nani augua baridi?
Nikatoa kabatini blanketi la harusi yetu,
la kijivu, bado na karatasi yake ya dukani,
maana lingemfunika nani, mwezi gani?
Nikalikata.

Wakayavaa usiku uleule, feni ikigoma,
jasho likiwatiririka mpaka kidevuni.
"Vueni."
"Tunazoea," akasema Lali.

Maimuna ameshapanga mkoba wake:
penseli mbili, mwanasesere asiye na mkono,
na chupa ya maji aliyoijaza bombani
akaifunga kwa meno.
Ya kunywa?
"Ya kuuzima mlima. Ukiamka."

Hapo ndipo kidole cha Lali kilipoanza kutembea.
Kilianzia Chyulu, ambako mvua, nikawasomea,
hupenya katika jiwe la volkano ikapotea,
ikazuka mbali, Mzima, safi kama jicho la mtoto,
ikawa mto Tsavo; Tsavo ukakutana na Athi,
wakaitwa Galana; Galana ukachoka na jina lake
ukaitwa Sabaki,
na kidole kikafika Baricho, kwenye visima vyetu,
kikapanda bomba, kikavuka barabara,
kikaingia hapa Maweni, jikoni kwetu,
kikasimama juu ya chupa ya dadake.

Hakuna aliyesema kitu.
Mama mkwe, aliyekuwa amekwisha uosha mchele,
alitazama sufuria yake kwa muda,
kisha akatia chumvi.

Sasa wamelala na makoti yao.
Nimemvua mmoja mkono mmoja, akaurudisha.
Famau ahesabu mara ya tatu kwa sauti ya chini,
kama mtu aongeaye na friji ya mgonjwa,
akijumlisha pesa za hoteli ambayo bado haijamlipa
ile kompresa ya Mei.
Ramani nimeikunja vibaya, mlima umeangukia baharini.

Zimebaki elfu nne na mia mbili.
Na soksi. Soksi nilizisahau kabisa.