Nyuzi Thelathini na Saba

Miaka sita Lamara alimeza kila alichopewa:
majani machungu aliyochemsha mama yangu,
maji ya chemchemi yaliyobarikiwa na padri,
asali, mafuta ya dubu, maneno.
Maneno hasa. Jumapili, mezani,
mama akimpakulia nyama na kumwambia:
kula, binti, mti usiozaa hukauka toka mizizini.
Nami nilikuwepo. Nilikuwa natafuna.

Mimi ni mwokaji hapa Kutaisi.
Tanuri letu ni shimo la udongo, kina chake kiunoni,
na mkate hubandikwa ukutani kwa kiganja:
unainama mpaka pumzi ya moto ikuingie mapajani,
unabandika, unanyanyuka.
Mara mia tatu kabla jua halijatoka,
tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Hospitalini walianza na yeye, kama tulivyoanza sote.
Damu, siku ya tatu ya mwezi wake.
Kisha rangi ikapitishwa kwenye mirija,
na katika picha tukaiona ikichomoza pande zote mbili,
nyepesi, kama moshi wa sigara dirishani.
"Njia ziko wazi," alisema Daktari Manana.
Akazungusha kiti, akanitazama.
"Na wewe?"
Mimi nini?
"Unafanya kazi gani?"

Kikombe cha plastiki. Chumba kisicho na dirisha,
kalenda ya mwaka juzi,
na nje ya mlango mtu akiburura ndoo.
Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa.
Mtu nisiyemjua alikaa akahesabu
walio hai, wanaosonga,
wanaozunguka pale pale bila kujua waendako.
Walikuwa wachache.
"Hesabu moja si hukumu," daktari akasema.
"Mbegu ya leo ilianza safari siku sabini zilizopita.
Rudi baada ya miezi mitatu. Na huo moto, uuache."
Kisha vidole vyake vikakuta mshipa uliovimba,
umejikunja kama nyoka aliyelala.

Kwenye daraja la mto Rioni Lamara alisimama.
"Miaka sita," akasema.
Magari mangapi yalipita, sijui.
"Mwambie mama yako wewe mwenyewe.
Kwa mdomo ule ule uliokuwa ukitafuna."

Nilimwambia.
Mama aliutazama mkate mezani muda mrefu,
akaufunika kitambaa, kana kwamba usisikie.
Jumapili iliyofuata alimpakulia Lamara kwanza,
kipande kinono, bila methali.
Sijui kama ule ulikuwa msamaha.
Lamara anasema ilikuwa nyama tu.

Februari walinipasua, wakaufunga ule mshipa.
Sasa mpwa wangu Beso ndiye anayeinama;
mimi nakanda, mbali, karibu na mlango wenye baridi.
Hesabu ilipanda kidogo. Haikutosha.
Ndipo zikaja sindano, saa tatu kamili usiku,
dawa ikikaa kwenye friji kando ya jibini,
na tumbo la Lamara likageuka ramani ya madoa ya samawati.
Mayai kumi na moja. Yaliyokomaa, manane.
Sindano nyembamba kuliko unywele,
mbegu moja, yai moja.
Asubuhi, viini vitano. Siku ya tano, viwili.

Walituonyesha kabati lao kupitia kioo:
tanuri pia, la nyuzi thelathini na saba.
Nikauliza kama huwa wanafungua mlango kuchungulia.
Kijana wa maabara akacheka: kuna kamera.
Vema. Unga unaofunuliwafunuliwa hauumuki,
hilo ningemwambia bila kusomea.

Kimoja kimegandishwa. Kimoja wamekiweka Alhamisi,
kupitia mrija laini, Lamara akihesabu taa za dari.
Siku kumi na nne, alisema daktari, msipime kabla.
Leo ni ya tisa.
Saa tisa za usiku nimeamka kwa mazoea,
yeye amelala chali, mkono juu ya blanketi.
Nimekanda, nimefunika.
Beso ananiita nionje chumvi.