Tembo, Punda na Gunia Moja

Walikuja Idodi kwa gari moja, wageni wawili wa usharika rafiki,
Bwana Harlan na Bi Doreen wa Amerika,
siti ya nyuma, katikati yao begi
limefungwa mkanda kama abiria wa tatu.
Dereva Mfilinge akaninong'oneza:
"Usiwaulize uchaguzi. Mimi niliuliza pale Kalenga,
wakanijibu mimi, si wao kwa wao, hadi Mloa."

Mpishi wao nilikuwa mimi, Twilumba Nyenza,
mjane wa ekari moja na nusu kando ya hifadhi
na punda mmoja niliyemwita Kodi,
maana hudai hata siku ambayo sina.

Jikoni kila mmoja alinijia kwa saa yake.
Bwana akasema alama ya chama chake ni tembo.
Nikauacha mwiko ndani ya sufuria.
Jioni Bibi akasema cha kwake ni punda.
Nikachungulia dirishani: Kodi anatafuna kanga yangu.
Taifa lenye roketi, nikawaza,
lenye daktari wa meno ya mbwa,
kila miaka minne linachagua
kati ya mla shamba na mla kamba.

"Kodi ni wizi," alisema mwenye tembo.
"Mtu aachiwe jasho lake."
Nikamwambia, huyo tembo wako, baba,
alichukua jasho langu lote usiku mmoja, bila risiti,
nami nikaletewa kifuta jasho baada ya miezi kumi na minne:
hela ya kununulia leso.
"Ni mfano tu, Twilumba. Tembo wa chama hali mahindi."
Anakula nini?
Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Matajiri ndio walipe," alisema mwenye punda.
Nikafurahi, nikamwongezea mboga.
Na wamelipa?
Akasema sheria ina kitobo.
Aliyetoboa nani?
Akatazama mlango. Vyama vyote viwili, akasema,
mmoja alishika msumari, mwingine nyundo,
na ndiyo siku ya mwisho walipoelewana.

Kuombea chakula sasa. Ugali unapoa,
wanamwita Yesu yuleyule, kila mtu kwa upande wake,
kama watoto wanaomgombea baba aliyerudi na mkate.
Bwana aliwaombea watoto wote walio matumboni.
Mtoto wa Luvanda, aliyekwisha kuzaliwa,
alisimama mlangoni na kamasi zake akisubiri ukoko;
yeye hakutajwa.
Bibi akawaombea wanyonge wa dunia,
wa mbali, wa mbali kabisa,
jicho la upande wa Bwana kalifumba zaidi.
Nikaitikia amina mbili,
nisije nikaonekana nina chama.

(Nasi tusicheke sana. Kwetu yalisomwa majina
ya wadaiwa wa ahadi siku ya maziko ya Kihwele,
na marehemu alikuwa wa tatu.)

Saa nane usiku wakaja wenyewe, wasio na bendera.
Tukatoka na madebe, na moshi wa pilipili.
Gizani nikawaona wageni wangu na debe moja,
Bibi kashika, Bwana anagonga,
wanapaza neno moja kwa lugha yao.
Nadhani lilikuwa tusi.
Kodi akalia kama bawaba ya kuzimu.
Tembo wakageuka, taratibu, kama watu walioshiba.

Asubuhi punda alikuwa amekata kamba,
anamalizia mabua yaliyolala.
Nilichookota hatimaye kilijaa gunia moja.
Mtoza ushuru akaja na mashine yake ya risiti,
akalizunguka, akalibonyeza tumbo:
"Hii lumbesa, mama. Nakuandikia mawili."

Wageni wakapanda gari. Begi likafungwa mkanda.
Bwana akatoa kichwa dirisha la kulia, Bibi la kushoto:
"Twilumba, ungekuwa kwetu, kura yako ungempa nani?"

Nyuki, nikasema.

Wakacheka, wote wawili, kwa pamoja.
Jumamosi natundika mizinga minane kwenye uzio.