Toleo la Pili

Kitabu chaitwa Niliamka Saa Kumi.
Nimekisoma mara tatu kabla hakijawa kitabu,
kalamu nyekundu mkononi, chai imepoa,
hapa kwenye matbaa yetu ya Bondeni, Nakuru,
ambako harufu ya gundi huingia hadi kwenye chapati.

Bwana Gathara anasimulia vizuri, sina ubishi.
Aliuza ng'ombe, akakopa, akapanda viazi Mau Narok,
ekari kumi na mbili, bila senti ya akiba.
Mvua ikaja. Bei ikapanda.
Sura ya nne: Asiyethubutu Hali.
Nikairudisha koma mahali pake, nikafungua ya tano.

Ila namjua Taprandich.
Shamba lake lilipakana na la bwana huyo, mtaro tu katikati.
Mbegu walinunua pamoja, mkopo benki ile ile,
na hiyo saa kumi, jogoo aliyewaamsha wote wawili
alikuwa wa Taprandich.
Mvua ya mawe ilishuka Jumanne moja
ikaufuata mtaro kana kwamba imechorewa ramani.
Sasa anauza sukuma wiki Kaptembwa, kwa mafungu,
na hakuna aliyemletea kinasa sauti amuulize siri.

Mchumia juani hulia kivulini, lasema jalada la nyuma.
Sawa.
Na waliochumia juani wakaliwa na jua,
nani alipita kuwahesabu?

Mtaani kwetu taa za saa kumi nazijua moja moja:
Kwamboka anakanda mandazi, mwaka wa ishirini na sita;
vijana wanangoja lori la machimbo;
Wafula bawabu, yeye hata hajalala.
Kuamka kungekuwa mtaji
kichochoro chetu kingekuwa na lami.

Usiku mmoja nikaiambia kompyuta initafutie neno bahati,
kurasa mia mbili na nane.
Ikalipata mara moja, ukurasa wa kumi na tisa,
tena kwa herufi kubwa:
ni jina la yule ng'ombe.
"Nikamuuza Bahati," aandika, "wala sikutazama nyuma."
Sentensi hiyo sikuigusa. Haikuwa na kosa.

Mwishoni kuna kurasa nne tupu: Andika Hapa Ndoto Zako.
Nilitamani kumwandika Taprandich, kwa wino hafifu,
yeye na jogoo wake.
Sikuandika. Nina karo ya muhula wa pili.

Toleo la kwanza limekwisha, watu bado wanalitaka.
Leo nimeamka saa tisa
kulijalidi la pili.