Ujazo

Bloku ni ile ile. Hilo lijue kwanza.
Chuma cha kiwandani, namba zake ubavuni,
silinda sita zimepanga foleni
kama watu wa zamu wakingoja lifti ya mgodi.
Kwa nje hatuongezi kitu.
Cheroki ya baba itasimama pale pale, mtaa wa Granite,
boneti ile ile yenye kutu umbo la figo,
na jirani hatajua.

Kinachobadilika ni kranki.
Hii tumeitoa kwenye gari lililozikwa na theluji
nyuma ya kanisa la Waserbia,
kwa dola arobaini na chupa ya gongo ya plamu.
Mkono wake ni mrefu kuliko wa zamani:
milimita sita huku, sita kule.
Kumi na mbili jumla. Upana wa kidole changu kidogo,
kile kilichobanwa na mlango wa gereji mwaka juzi.
Pistoni itashuka zaidi kabla ya kurudi,
itavuta zaidi kabla ya kuwaka.
Stevo akizikwangua silinda kidogo tu,
lita nne zitakuwa nne nukta sita.
"Nyumba haijakua," anasema, miwani imemshuka puani,
"aliyemo ndani ndiye kajifunza kunyoosha miguu."
Kisha akala nusu ya chakula changu bila kuomba.

Jumatano nilimpeleka baba kupimwa.
Naye hupimwa kwa lita. Sijui kwa nini
sikuwahi kuliona hilo.
Muuguzi akambana pua kwa kibanio cha plastiki:
"Vuta, Reino. Sasa toa, toa, toa, toa."
Baba akaiva kama waya wa hita.
Kalamu ya mashine ikachora kichuguu, ikalala.
Moja nukta nane.
Mwezi wa nne ilikuwa moja nukta tisa.
Miaka ishirini na miwili chini ya mlima wa Butte,
akitoboa mwamba ili shaba ifike kwenye kuta za watu,
na vumbi la jiwe likahamia kwake, likajenga.
Kifua kile kile. Shati saizi ile ile.

Njiani hakusema neno. Kwenye taa nyekundu akauliza:
"Nafasi za ringi mmepima?"
Tumepima.
"Konrodi haigusi ukuta?"
Tumeizungusha kwa mkono, redio imezimwa, tukisikiliza.
Haigusi.
"Mkono wa nani?"
Wangu.
Taa ikawa kijani, nami sikuondoka mara moja.

Jumamosi. Nyuzijoto kumi na moja chini ya sifuri.
Mtungi wa oksijeni tuliuacha jikoni;
huo na petroli hawalali kitanda kimoja.
Alikuwa na robo saa, labda.
Akakaa juu ya kreti ya maziwa, kofia hadi kwenye nyusi.
Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena.
Ikashika.
Mlio haukuwa ule wa zamani:
ulitoka chini zaidi, kama mtu anayeongea akiwa amelala.
Baba akavua glavu, akaleta kiganja
kwenye mdomo wa bomba la hewa,
na injini ikakivuta, ikataka kukimeza.
"Inavuta," akasema. Hakukitoa.
Ikaanza kupwaya kwa kukosa hewa, ndipo akakitoa.

Kemshafti mpya haitaki mchezo:
dakika ishirini, mizunguko elfu mbili,
usizime, usiiache ishuke.
Dakika ya kumi na moja midomo yake ilikuwa ya buluu.
Nikamtazama Stevo. Stevo alikuwa chini ya gari,
anafuatilia tone la oili.
"Shikilia hapo hapo," baba akaniambia, "usiachie,"
akainuka kwa kushika ukuta.

Hatua kumi na nne hadi mlango wa jikoni.
Nilizihesabu, kidole kwenye waya wa mafuta.
Zilikuwa fupi, fupi sana,
na katikati ya tisa na kumi akasimama
kama anayetafuta funguo mfukoni.

Taa ya jikoni ikawaka.
Dakika ya kumi na tatu.