Kisichokuwa Mahali Pake

Picha ya mia mbili na kumi na mbili.
Rafu ya balbu, duka kubwa la hapa Hull, au la kwingine,
hawatuambii.
Saa nane za usiku, nimevaa soksi juu ya soksi,
mita ya gesi imebaki na paundi moja na peni kumi.
Nabonyeza pembe ya juu kushoto,
naburuta hadi pembe ya chini kulia,
kila balbu naifungia chumba chake:
balbu, balbu, balbu,
balbu iliyojificha nyuma ya balbu
(andika: imezibwa, asilimia sitini),
pengo
(andika: pengo).

Mstari usikate bidhaa, usiachie hewa.
Ndivyo usemavyo mwongozo, kurasa arobaini na moja,
na Nerys anayenikagua, ambaye sijawahi kumwona,
hunirudishia kazi kwa neno moja: Kilegevu.
Nakaza. Peni mbili kwa kisanduku.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba ni cha nani.

Mashine inajifunza kuona kwa macho yangu.
Kufikia Ijumaa itajua siagi na jibini,
itajua kopo la maharage hata likiipa mgongo,
mambo yaliyonichukua mimi majira mawili ya baridi.
Mwaka ule wa kwanza nilinunua chakula cha paka:
samaki kwenye lebo alikuwa anacheka,
nikasema, watu hawa wanawapenda samaki wao,
nikamuunga kwa nyanya na vitunguu.
Mdogo wangu Mapendo alikula, akaomba tena.
Hilo sijamwambia hadi leo.

Lakini picha hii.
Kati ya balbu za wati sita na balbu za wati tisa
limekaa kopo la maziwa ya unga ya mtoto,
lile la bei ile, lenye kifuniko cha king'ora,
limesimama wima, jina mbele,
kama mgeni aliyekosea harusi
akaona haya kuondoka.

Mwongozo una neno lake: kisichokuwa mahali pake.
Chora, weka alama, songa mbele. Sekunde nne.

Sikusonga.
Kopo halitembei lenyewe
kutoka ujia wa tatu hadi wa kumi na moja.
Kuna mkono uliolibeba mwendo wote ule,
ukapita unga, ukapita sabuni,
mwenye mkono akihesabu kimoyomoyo,
na hapa penye balbu hesabu ikagoma.
Mwenye hasira angelitupa, likalala ubavu.
Huyu alilisimamisha.
Aliligeuza, jina lionekane.

Nayajua hayo. Jumanne ya juzi
niliiacha jibini nyuma ya biskuti,
nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
kama mwizi,
mimi niliyekuwa narudisha.
Tangu hapo kila picha naifungua polepole,
nisije nikakutana nayo.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa,
na mashine hii haijawahi hata kushiba.
Itaona kopo, itamwita kijana mwenye fulana ya duka
alirudishe ujia wa tatu,
na rafu itakuwa safi, kana kwamba
hakuna aliyepita.

Basi nikaikuza picha mpaka ikawa chembechembe,
nikalichorea kopo lile kisanduku
ambacho hata wembe usingepata pa kupita.
Nikatuma.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.
Sawa, aliandika Nerys.
Kisha, chini yake, neno jingine: Limeonekana.
Sijui kama ni neno la kazi.

Picha ya mia mbili na kumi na tatu.
Mchuzi wa nyama wa chupa, safu saba.
Gesi imebaki na peni tisini.