Gari Linaniandikia

Nililiuza Jumamosi, mvua ya Coventry ikinyesha kama inayodaiwa,
pauni mia sita na hamsini, noti za ishirini-ishirini
na moja ya kumi iliyolowa.
Nilizihesabu juu ya boneti, mara mbili,
kwa Kiswahili, nisikosee.

Mnunuzi alijiita Lee. Lee tu,
kama mtu anavyoitwa na mamaye.
Alikuwa na mtoto kiunoni, mwenye mafua,
na hapo ndipo nilipoponzeka: nani amshuku mwanamume
anayempangusa mwana kamasi kwa mkono wa shati?
"Kadi nipe nzima," akasema, "Swansea nitaituma mwenyewe."
Nikampa. Hata kile kipande nilichopaswa kubaki nacho nikampa,
kama unavyompa mgeni chakula na sahani ya kubebea.

Marehemu baba, muuza misumari wa Wete, hakuchoka kusema
mali bila daftari hupotea bila habari.
Baba, yangu imepotea, lakini habari
naletewa kila Jumanne, mlangoni, kwa bahasha ya kahawia.

Ya kwanza ilitoka Birmingham: nimeingia mjini
bila kulipia hewa.
Ya pili, Nuneaton: nimeegesha penye mistari ya njano
mbele ya duka la kuku, saa sita za usiku,
saa ambayo nilikuwa namgeuza Bi Hallam
ubavu wa kushoto, asipate vidonda.
Ya tatu: maili arobaini na saba penye thelathini.
Mimi! Mimi niliyekuwa nikipigiwa honi na mabasi!

Nikapiga simu. Vinanda, dakika arobaini.
Kisha kijana mmoja, mpole kama mfamasia:
kwa vitabu vyetu, mama, gari ni lako.
Sina gari, nikamwambia. Nina miguu. Njoo uione.

Shoga yangu Rukia akanishauri niwaandikie kwamba nimekufa.
Mwanangu Sudi akauliza risiti,
akauliza tena,
akanyamaza kwa namna ya babu yake.

Mahakamani karani alinivunja jina, akaniita Mwanakeri.
Niliitika. Sikumsahihisha:
kheri ilishatoka humo zamani, kilichobaki ni kero.
Hakimu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, akauliza
nani alikuwa kwenye usukani.
Lee.
Lee nani?
Lee mwenye mtoto mwenye mafua.
Akaandika, akaandika mno kuliko nilivyosema.
Nikatoa karatasi ya benki: Jumatatu ile, pauni mia sita na arobaini
(ile ya kumi nilinunulia samaki).
Akasema hiyo yaonyesha kwamba fedha zimeingia,
haionyeshi kwamba gari limetoka.
Nirudi tarehe kumi na tisa. Nisipomtaja mtu kamili,
mwenye ukoo na anwani, aliyeendesha ni mimi.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia hakimu, wala Sudi.
Picha zao nazisubiri.
Gari langu limefika Rhyl, baharini. Miaka tisa naahidi kwenda,
nalo limekwenda bila mimi, kwa jina langu.
Kiooni bado kinaning'inia kifuko changu cha karafuu,
kitambaa cha leso, mshono wangu wa mkono.
Hajakitupa. Ananitia madeni
huku akivuta harufu ya kabati langu.

Jumanne hii imekuja nyingine, njia ya mabasi, Wolverhampton.
Nimeifungua nikiwa nimesimama, koti mwilini,
na kabla sijatafuta kiasi
nimeipeleka picha dirishani kwenye mwanga.
Ukungu, vipangusio vimesimama katikati ya kioo.
Lee hana uso, ana kidevu tu.
Lakini kiti cha mtoto, kule nyuma,
wamekigeuza. Sasa kinatazama mbele.

Amekua.