Mlango wa Kushoto

Lucertola. Maana yake mjusi.
Baba alilijua neno hilo
kabla hajajua wanavyosema asante.

Yalitengenezwa arobaini na moja tu, basi,
kisha kiwanda kikafunga milango.
Ishirini na sita yenye paa.
Kumi na moja yaliyo wazi kichwani, ya watu wasioogopa jua.
Manne ya mashindano: hayana zulia, hayana redio,
kioo ni plastiki, na mlango hufunguliwa
kwa kuvuta ukanda mwembamba kama wa ndara.
Baba aliyahesabu kwa vidole vyenye grisi
na mimi, miaka tisa, nimemshikia tochi
nikidhani ni jambo la mtihani.

Letu lilikuwa la kumi na tisa, la paa.
Nasema letu. Lilikuwa la Bwana Ettore wa Casuarina,
aliyelishusha Kilindini likiwa limefungwa blanketi
na kuliendesha mara mbili kwa wiki:
Jumamosi hadi Watamu,
Jumatatu hadi gereji yetu Maweni, likikohoa.

Matuta yalilikwaruza tumbo. Hayo ni madogo.
Chumvi ndiyo iliyolijua.
Mwili wa alumini, mifupa ya chuma chembamba;
walaze wawili hao pamoja karibu na bahari,
siku moja utaamka umkute mmoja.
Mwaka ule wa mvua kubwa mlango wa dereva
ulimomonyoka mkononi mwa Baba
kama kashata.

Wakaandika barua Turin. Miezi minne.
Jibu: hakuna, na kiwanda siku hizi ni duka la samani.

Baba akaenda uwanja wa ndege, akarudi na kipande cha bawa
la kijindege kilichoangukia matete ya Sabaki.
Akajaza gunia mchanga. Akachonga nyundo ya mkwaju.
Siku kumi na tisa, ko, ko, ko,
jirani Bi Mwanaidi akihesabu na tasbihi yake akapotea.
Mlango wa kulia ulikuwa mwalimu,
ila mwalimu aliyetazama upande mwingine:
kila mkunjo Baba aliugeuza kichwani kwanza
ndipo augonge.
Alipoufunga mara ya kwanza
ulisema neno moja fupi, ukanyamaza.

Miaka ikaenda. Bwana Ettore goti likamkataa,
akaja mnunuzi wa Milano na kijisanduku cha kupimia unene wa bati.
Akaugonga mlango kwa fundo la kidole,
akainamisha sikio.
"Nusu milimita zaidi," akasema. "Mlango huu si wake."
"Ni wangu," Baba akajibu,
kwa Kitaliano kilekile.

Bei ikashuka palepale.
Bwana Ettore aliangalia malapa yake.

Mnunuzi alikuwa na mlango mwingine, ndani ya kreti,
wa mwenzake aliyekufa kwenye kona huko milimani.
Wakaufunga jioni moja. Ulikataa kidogo kwa chini,
ukalia kama mtu anayemeza dawa.
Baba alisikia. Alikuwa anafuta spana,
akaendelea kufuta.

Leo katika daftari la wenyewe,
wanakoandika kila namba na kila ukoo,
la kumi na tisa limeandikwa: kamili, halijaguswa.

Na huu, ulioguswa,
tumeuvika kwenye kibanda cha Mama,
bawaba zake kwenye boriti, rangi yake nyekundu
imeanza kuwa ya pilipili kavu.
Mteja akibisha, Mama Kadzo huzungusha mkono,
kioo kinateremka bila kelele,
harufu ya viazi karai inatoka ilikokuwa ikikaa petroli.

Juzi mtoto wa shule alisimama, akapitisha kidole
pale ambapo hakuna alama ya nyundo,
akauliza gari lenyewe liko wapi.

"Wataka vya hamsini," Mama akasema,
"au vya mia?"